'Laini' ni laini gani? Somo la Kiswahili kwa roboti inayopapasa

Kiswahili kina vitenzi vingi vya mguso, na kila kimoja kina kazi yake. Anayegusa sufuria anataka kujua iwapo ina moto. Anayetomasa parachichi sokoni anataka kujua iwapo limeiva. Naye anayepapasa kitambaa dukani anauliza swali jingine kabisa: uso wake ukoje? Ukiweka kidole juu ya kitambaa hicho bila kukisogeza, utaambulia machache mno.

Mwanasaikolojia Mjerumani David Katz alilieleza jambo hili mwaka wa 1925: kidole kisiposogea, chembechembe ndogo za uso wa kitu hazitambuliki vyema. Mwaka wa 1987, Susan Lederman na Roberta Klatzky wakaonyesha kwamba mkono huchagua mwendo kulingana na swali lililopo. Hupapasa ili kujua uso, hubonyeza ili kujua ugumu, hutulia ili kujua joto, na huinua ili kujua uzito. Mpenzi msomaji, waliyoyathibitisha wataalamu hao katika maabara, vitenzi vyetu vilikuwa vikiyatenganisha zamani.

Wahandisi nao wamefuata njia iyo hiyo. Mwaka wa 2012, Jeremy Fishel na Gerald Loeb wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, walieleza kuhusu roboti yenye kidole cha ajabu. Kidole hicho kina ngozi ya mpira iliyochorwa mistari kama ya vidole vyetu. Chini ya ngozi mna majimaji, na ndani kabisa mna kihisi. Kidole kinapoburutwa juu ya kitu, ngozi hutetema, na mtetemo hupita kwenye majimaji hadi kwenye kihisi. Mtetemo wa hariri si mtetemo wa gunia, ati. Roboti hiyo ilipewa sampuli 117 za vitu vya kawaida, vikiwemo vitambaa, ikazitambua kwa usahihi wa asilimia 95 hivi. Si haba!

Lakini kutambua si kueleza. Roboti hiyo ilijua kwamba kitu fulani ni kile ilichokipapasa awali; haikuweza kusema kikoje. Ndipo watafiti wengine wa Marekani wakakusanya vitu 60, roboti ikavibana na kuviburutia vidole polepole na upesi, huku watu wakivigusa na kutaja vivumishi vinavyovifaa. Roboti ikajifunza kuoanisha mitetemo na vivumishi. Vivumishi hivyo, bila shaka, vilikuwa vya Kiingereza.

Sasa basi, tukivitafsiri tu, tutakwama. Kiingereza kina neno moja la uso usiokwaruza na jingine la kitu kinachobonyea. Sisi twasema 'laini' kwa yote mawili: kigae kilichong'arishwa ni laini, na mto wa kulalia ni laini. Roboti ikibonyeza vyote viwili, itaona kwamba kimoja hakibonyei hata kidogo. Itaamini lipi?

Huu si umaskini wa lugha. Msemaji wa Kiswahili anapotaka kuwa bayana hukimbilia kitenzi: kinateleza, kinabonyea, kinanata, kinakwaruza. Sehemu kubwa ya maarifa yetu ya mguso imo katika vitenzi, wala si katika vivumishi. Orodha ya vivumishi vya kigeni haiwezi kuyabeba.

Jambo hili si mzaha. Siku kifaa cha namna hii kitakapomweleza asiyeona kilicho mbele yake, au kumsaidia mwenye mkono bandia, neno 'laini' pekee litampoteza. Wanaisimu wetu wakae na mafundi cherehani, maseremala, wauzaji mitumba na wasioona, wayakusanye maneno ya mguso jinsi yanavyotumika, kila neno pamoja na mwendo wa mkono unaolizaa. Tukingoja wengine watufanyie, tutaletewa roboti inayozungumza Kiswahili bila kukielewa.