Profesa Mhalu na askari wa damu yetu

MTAJE mchezaji wa Kagera Sugar pale Hamugembe, hata mtoto wa darasa la pili atakupa namba ya jezi yake. Sasa mtaje Profesa Fred Mhalu uone! Kijiwe kizima kitakutolea macho. Mimi ni mtoto wa Hamugembe na jambo hili linanikera, maana mtu huyu alihangaika na damu ya wazazi wetu.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini waligundulika hapa hapa Kagera, mwaka 1983. Mtaani ugonjwa ukabatizwa Juliana, jina la nguo zilizotoka Uganda. Wengine wakadai ni uchawi. Wajanja wa mjini wao wakatafsiri AIDS kuwa "Acha Iniue Dogodogo Siachi". Kicheko kilikatika misiba ilipoanza kufuatana.

Mhalu, bingwa wa vijidudu na kinga ya mwili pale Muhimbili, hakuwa mgeni wa magonjwa ya mlipuko. Mwaka 1979 alishachapisha utafiti kuhusu kipindupindu kilichokuwa sugu kwa dawa. Mwaka 1986 Muhimbili na Waswidi wakaanzisha mradi wa TANSWED, yeye akiwa mmoja wa vinara. Mwaka 1987 timu ya Dk. Japheth Killewo, Mhalu akiwemo, ikapima damu Kagera. Bukoba mjini, asilimia 24.2 ya watu wa miaka 15 hadi 54 walikuwa na virusi. Karibu mmoja kati ya wanne, jamani! Mwaka 1996 idadi ilishuka hadi asilimia 13.3.

Redio koo ya mwilini

Sasa vijana huniuliza, hizo CD4 ni mdudu gani? Si mdudu. Mwilini kuna seli T, makamanda wa kinga. Seli ya doria ikimkamata adui, humwonyesha kamanda kipande chake. Hiyo ni ishara ya kwanza. Lazima ije na ya pili, kuthibitisha kuwa hatari ni ya kweli. Bila hiyo kamanda hulala. Zikikamilika, kamanda huzaliana na kuwaita askari wengine.

CD4 ni sehemu ya mtambo wa kupokea ishara hiyo. Na virusi vya Ukimwi huingilia mlango huo huo! Kamanda akifa, jeshi halina wa kuliamuru. Hapo ndipo kifua kikuu kinajikaribisha.

Mwaka 2007 timu ya Muhimbili, Mhalu ndani, ilianza kujaribu chanjo kwa polisi 60 wa Dar es Salaam. Kwa waliochanjwa, seli T ziliitikia. Safi, lakini kuitikia si kuzuia. Jaribio jingine, PrEPVacc, lililofanyika pia Dar na Mbeya, lilisitisha chanjo Novemba 2023 baada ya kuonekana hazifui dafu. Chanjo bado hatuna.

Tulicho nacho ni dawa, bure nchini tangu 2004. Ukizimeza kila siku, virusi hubanwa na makamanda hupumua. Ila hakuna anayepewa dawa kabla ya kupima.

Kwa hiyo wewe bishoo unayejua "ngoma" ya mwenzako kwa kumtazama mashavu, seli T hazionekani mashavuni. Nenda kapime. Mambo ya Juliana waachie wazee.