Lushoto: Faida Iko Mezani

Msafiri akiiacha Mombo na kupanda kilomita 33 hivi hadi Lushoto, katika milima ya Usambara, hufuata baridi na vijia vya miguu vya kwenda Irente na msitu wa Magamba. Hurudi na njaa. Shamba la Irente limekuwa likiwauzia wageni mkate, jibini na jamu za hapo hapo.

Mwenye mtaji mdogo anayetaka kufungua nyumba ya wageni na azingatie hilo. Kitanda kilicholala tupu leo hakiuziki kesho, na mvua za masika, Machi hadi Mei, hupunguza watembeaji. Lakini plamu zinazoshuka bei sokoni wakati wa msimu, zikipikwa jamu, humsubiri mgeni. Kabla ya kuongeza vyumba, imarisha jiko.