Joto Katika Nyumba ya Zamani: Tengeneza Dohani Kabla ya Baridi

Mkulima, ikiwa shamba lako liko Kinangop, Ol Kalou, Molo au Timboroa, huhitaji kufundishwa habari ya baridi. Mashamba ya huko yako juu, mengi yapata futi 8,000 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti mawingu huweza kulificha jua kutwa. Usiku ng'ombe hujikunyata zizini, na watu nao hujikunyata nyumbani.

Wengi wenu mnakaa katika nyumba za zamani. Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962, mashamba makubwa ya walowezi yalinunuliwa na kugawanywa kwa wakulima wadogo. Baadhi ya nyumba za walowezi zilifanywa shule au ofisi za ushirika, na nyingine zikawa za wakulima ambao vipande vyao vya shamba vilikuwa na nyumba. Leo wanakaa humo watoto na wajukuu wao. Ni nyumba za mawe au mbao zenye vyumba vipana, na ukutani mna mahali pa kuwashia moto pamoja na dohani, yaani bomba la kutolea moshi juu ya paa.

Lakini katika nyumba nyingi jiko hilo la ukutani haliwashwi tena. Dohani imeziba kwa masizi na viota vya ndege, moshi hurudi chumbani, na kuni nyingi huteketea bila watu kupata joto. Basi mwenye nyumba huona heri alete jiko la makaa katikati ya chumba, afunge mlango na madirisha, alale. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo, na hapo ndipo yatupasa kuanza.

JIKO LA MAKAA SI LA CHUMBA CHA KULALA

Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Ukiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu zipatazo mara 200 kupita hewa njema tunayoihitaji, hata damu isiweze tena kuupelekea mwili uhai wake. Watu huyaamini makaa mekundu yasiyotoa moshi, kumbe sumu imo humo humo.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliye macho huweza kuzitambua akatoka nje. Aliyelala hazisikii, naye huweza kufa bila kuamka. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango na madirisha upesi, mtoe nje kwenye hewa safi, kisha mpeleke hospitali bila kukawia, hata kama aanza kupata nafuu.

Jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani yake, ambalo lilienea Kenya tangu miaka ya 1980, hupunguza matumizi ya makaa. Ni jiko jema la kupikia. Lakini haliondoi sumu hii. Kanuni ni moja tu: moto usio na dohani usilale na watu chumba kimoja.

KAZI YA KWANZA: ZUIA JOTO LISITOROKE

Kabla ya kununua kitu cho chote, tembea ndani ya nyumba usiku wenye upepo ukiwa na mshumaa. Upitishe kando ya milango, madirisha na nyufa za sakafu ya mbao, lakini uuweke mbali na mapazia. Mwali unapolala upande, hapo pana tundu. Tia vioo vipya mahali pa vile vilivyovunjika, ziba nyufa za ukuta, na upigilie kipande cha mpira wa gari chini ya mlango.

Kisha tazama juu. Joto hupanda, na bati halizuii kitu. Ikiwa dari imeoza au haipo, joto la kuni zako lapita moja kwa moja kwenda nje. Dari ya mbao au ya ubao mwepesi katika chumba kimoja tu, kile mnachokaa jioni, itakufaa kuliko mzigo wa kuni kila juma. Lakini ikiwa paa, dari au bomba la moshi ni la asibesto, usilikate, usilitoboe wala usilivunje. Vumbi lake huharibu mapafu. Tafuta fundi mwenye idhini ya kazi hiyo.

Tena jihadhari usizibe kila kitu. Moto unahitaji hewa. Chumba kikizibwa kabisa, moshi hukosa nguvu ya kupanda na hurudi ndani. Acha tundu karibu na jiko, chini ukutani, lenye ukubwa wa kiganja cha mkono, na ulifunike kwa waya wa kuzuia panya.

KAZI YA PILI: DOHANI

Hii ndiyo kazi yenyewe. Dohani mbovu huharibu jiko lo lote utakaloliweka chini yake.

Kwanza isafishwe. Fundi ashushe brashi ngumu au fungu la matawi lililofungiwa jiwe kwenye kamba, alipandishe na kulishusha mpaka masizi na viota vyote vianguke. Masizi yaliyogandamana huweza kushika moto. Dohani ikiwaka hunguruma, na cheche zake huweza kuchoma paa. Isafishwe kila mwaka, mwezi wa Mei, kabla ya baridi.

Pili ipimwe. Washa moto mdogo wa nyasi mbichi ili moshi uwe mwingi, kisha mtu mmoja apande darini na mwingine azunguke vyumbani. Moshi ukitokea ukutani au darini, dohani ina ufa. Usiwashe tena mpaka ufa uzibwe. Tazama kwa makini mahali dohani inapopita kati ya mbao za paa. Mbao zilizogusana nayo hukauka miaka mingi na mwisho huweza kuwaka.

Tatu itazamwe urefu wake. Kichwa cha dohani kipite paa kwa futi 3 mahali kinapotokea, tena kiwe juu kwa futi 2 kuliko sehemu yo yote ya paa iliyo karibu nacho kwa futi 10. Dohani fupi husukumwa na upepo, na moshi hushuka. Juu yake weka kofia ya bati iliyo wazi pande zote, ili mvua isiingie na moshi utoke.

KAZI YA TATU: JIKO LENYEWE

Jiko la ukutani lililo wazi hupendeza macho, lakini sehemu kubwa ya joto lake huenda juu pamoja na moshi, tena huvuta hewa yenye joto ya chumba ikaipeleka nje. Ziko njia mbili za kulitengeneza.

Njia ya bei ndogo ni ya zamani sana. Katika miaka ya 1790 Benjamin Thompson, aliyejulikana kwa jina la Count Rumford, alitengeneza majiko ya nyumba za London yaliyokuwa yakitoa moshi. Aliyafanya yawe na kina kifupi, akaziinamisha kuta za kando zitazame chumbani, na akaibana njia ya moshi mahali inapoanzia. Moto ule ule ukatupa joto zaidi kwa watu. Fundi mzuri wa matofali aweza kufanya hivyo nyumbani kwako. Atumie matofali yaliyochomwa vizuri na udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga. Saruji tupu hupasuka motoni, na mawe yaliyotolewa mtoni huweza kulipuka kwa maji yaliyo ndani yake.

Njia ya pili ni jiko la chuma lenye mlango, ambalo bomba lake huingia katika dohani ile ile. Ukifunga mlango wake na kupunguza tundu la hewa, kuni huwaka polepole na chuma hutoa joto kwa saa nyingi. Lisimame juu ya saruji au mawe, liwe mbali na mbao na mapazia kwa futi 3, na bomba lake lisikaribie mbao kwa chini ya inchi 18. Pengo kati ya bomba na dohani lizibwe kabisa.

PIPA LA MAJI MOTO

Nyumba nyingi za zamani zina pipa nje, lililojengewa moto chini yake, la kupeleka maji moto bafuni. Nalo litengenezwe. Juu yake pana bomba dogo lililo wazi la kutolea mvuke. Bomba hilo lisizibwe hata kidogo, wala lisitiwe koki. Mvuke ukikosa njia, pipa hupasuka kwa kishindo na huweza kuua. Tena usiwashe moto kabla hujahakikisha kwamba lina maji.

KUNI KAVU

Kuni mbichi huweza kuwa nusu maji. Moto wake hutumika kuyachemsha maji hayo kabla ya kukupasha wewe, na moshi wake hujaza masizi katika dohani. Pasua kuni mwezi wa Januari na Februari wakati wa kiangazi, uzipange chini ya paa pasipo na kuta, upepo upite. Mwezi wa Juni zitakuwa tayari. Miwati na mikaratusi iliyokaushwa hutoa joto zuri. Msaipresi hurusha cheche, basi uuwashe ndani ya jiko lenye mlango. Tena panda safu ya miti mpakani kila mwaka, usije ukanunua kuni za jirani.

FANYA HESABU YAKO

Huna haja ya kufanya yote kwa mwaka mmoja. Mwaka huu ziba nyufa na usafishe dohani, kazi ambazo zataka jasho kuliko fedha. Mwaka ujao weka dari katika chumba kimoja. Mwaka wa tatu, maziwa au viazi vikikuletea faida, mwite fundi wa jiko. Kabla hujaanza, pima kuni mnazochoma katika juma moja na uandike. Pima tena baada ya kila kazi. Hesabu hiyo yako mwenyewe ndiyo itakayokuonyesha kama fedha zako zimefanya kazi.

Lakini iko kazi moja isiyongoja mwaka ujao wala bei ya maziwa. Usiku wa leo, kabla ya kulala, lile jiko la makaa litolewe nje.