Uhusiano, Upendeleo na Tabia: Maneno Matatu katika Utafiti wa Saikolojia

Mwanafunzi anayeanza saikolojia kwa Kiswahili hukutana mapema na maneno matatu aliyokwisha kuyajua nyumbani: uhusiano, upendeleo na tabia. Hapo ndipo taabu inapoanzia, kwa kuwa kila moja limebeba hukumu ambayo utafiti wenyewe haujaitoa.

Yafaa kutazama mfano wa Mkoa wa Pwani. Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, iko shule ya sekondari iliyotokana na mradi wa nchi za Nordic ulioanzishwa mwaka 1963 na kukabidhiwa Serikali mwaka 1970. Shule hiyo imehesabiwa miongoni mwa shule za vipaji maalumu, na hupokea wanafunzi wenye alama za juu kutoka pande zote za nchi. Kisarawe, karibu na vilima vya Pugu, ziko shule za kata zinazopokea watoto wa vijiji vya jirani. Matokeo ya mitihani yakilinganishwa, wengi husema kwamba shule ya Kibaha ndiyo inayofaulisha. Huenda ikawa kweli kwa sehemu. Lakini walioingia humo walikwisha kuchujwa kabla ya kuketi darasani.

Ndiyo sababu neno uwiano lafaa zaidi kuliko uhusiano. Watu wenye uhusiano wana nasaba au shughuli baina yao. Mambo yenye uwiano hupanda na kushuka pamoja tu, na pengine la tatu ndilo linaloyavuta yote mawili. (Wanahisabati hutumia uwiano kwa kulinganisha idadi, lakini mgongano huo ni mdogo.)

Tena, mtafiti akiwapima wanafunzi wa Kibaha peke yao, aweza kukuta kwamba alama za kuingilia hazibashiri sana alama za baadaye. Si kwamba mtihani wa kwanza haukuwa na maana, bali waliochaguliwa wote wamekaribiana, na penye tofauti ndogo uwiano hufifia. Ni kama kutaka kujua iwapo urefu humfaa mtu katika kuangua maembe, kisha kuwapima warefu tu.

Kasoro hiyo huitwa upendeleo wa uteuzi, jina lenye kuzua ugomvi bure. Upendeleo una mtu na nia: mwalimu aliyempitisha mtoto wa ndugu yake. Hapa hapana aliyependelea. Sampuli imelalia upande mmoja, kama mizani mbovu. Mwegemeo lingekuwa neno la haki zaidi.

Tabia ndilo gumu kuliko yote, maana ni silika, mazoea na maadili kwa pamoja. Hata nchi ina tabia yake. Mtoto aliyenyamaza mbele ya mtahini mgeni ametenda jambo moja, saa moja. Daftari likiandika kwamba ana tabia ya kunyamaza, tendo limegeuzwa kuwa asili yake.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika Bagamoyo, katika mkoa uo huo. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakiwamo Watanzania, walichapisha mwaka 2002 utafiti juu ya watoto wa miaka 11 hadi 13. Watoto 100 walipimwa mara mbili bila kufundishwa kitu katikati. Uwiano wa alama zao ulikuwa karibu 0.8. Wengine 358 walipewa mafunzo mafupi ya kuyakabili maswali, na uwiano ukawa karibu 0.3. Alama ya kwanza, basi, haikuwa kipimo kamili cha uwezo wao.

Kwa hiyo mwalimu wa Kisarawe anayesoma katika ripoti kwamba wanafunzi wake wana tabia fulani ana haki ya kuuliza ni kitendo gani kilichoonekana, mara ngapi, na mbele ya nani.