Sakafu ya Bwawa na Ionekane

Jamaa wengi wa pwani waliohamia bara kwa kazi au biashara wamepanga au wamejenga Ruiru na Thika, hasa tangu upanuzi wa barabara kuu ya Thika ulipokamilika mwaka 2012. Baadhi ya nyumba hizo zina bwawa la kuogelea uani, na aliyekulia kando ya bahari huenda akadhani kulitunza ni shughuli ya mtunza bustani. Sivyo. Bwawa lina kipimo ambacho hata bibi asiyejua kuogelea aweza kukitumia: asimame ukingoni, upande wenye kina kirefu, atazame chini. Asipoiona sakafu waziwazi, asiingie mtu majini siku hiyo. Mtoto aliyezama katika maji ya kijani haonekani, na mwenye kuzama aghalabu hapigi kelele.

Ajabu ni kuwa bwawa la Ruiru na lile la Ndakaini, katika mto Thika, huinywesha Nairobi, ilhali mitaa mingi ya miji hii hungoja maji ya mfereji kwa zamu. Basi wengi hujaza kwa maji ya kisima kirefu. Maji hayo huweza kuwa na chuma, na yakitiwa klorini hugeuka rangi ya chai. Mwenye nyumba hudhani dawa ni mbovu, akaongeza nyingine. Dawa haina kosa. Ni chuma kilichoshika kutu, na dawa yake ni kuendesha pampu mfululizo na kuosha kichujio cha mchanga mara kwa mara.

Hesabu nayo isikisiwe kwa macho. Bwawa lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.5 lina lita 75,000. Klorini iwe baina ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH baina ya 7.2 na 7.8. Kuongeza miligramu moja kwa lita katika bwawa hilo kwahitaji kiasi cha gramu 115 za unga wenye nguvu ya asilimia 65. Si nusu ndoo, kama wafanyavyo wengine. Tia jioni, kwani jua huimaliza klorini upesi. Unga ndio utiwao ndani ya maji. Kamwe usimimine maji juu ya unga, wala usiuchanganye na asidi, kwani hewa itokayo huua.

Juni hadi Agosti, baridi ya bara huwafukuza waogeleaji, na pampu huzimwa kuokoa umeme. Maji yaliyolala huwa kitalu cha mbu. Wazee wetu wa Lamu walifuga samaki wadogo birikani ili wale viluwiluwi. Samaki hao hawastahimili klorini, basi pampu na iendelee, japo kwa saa chache kila siku.

Wako wanaotandaza turubai juu ya maji wakaridhika. Mtoto akilikanyaga, humfunika. Kinachozuia ni uzio wa pande zote nne, unaolitenga bwawa hata na mlango wa jikoni, wenye lango lijifungalo lenyewe na komeo lililo juu ya kimo cha mtoto. Viti vya uani navyo viwekwe mbali na uzio huo.