Mwalimu Akishikwa Mkono, Mtoto Haachi Shule

Huduma nyingi ambazo wakazi wa Kaunti ya Kilifi wanategemea hupitia mikononi mwa mtu mmoja aliye karibu nao. Huenda akawa mwalimu wa chekechea Ganze, muuguzi wa zahanati Magarini, mkufunzi wa chuo cha ufundi Malindi, au mhamasishaji wa afya anayepita nyumba kwa nyumba Rabai. Mtu huyo akifanya kazi vizuri, mkazi husema huduma ipo. Akikata tamaa, jengo jipya na rangi mpya haviwezi kuziba pengo lake.

Kwa sababu hiyo, msaada anaopewa mfanyakazi au mwanafunzi si jambo la ofisini pekee, kwani humfikia hata mkazi ambaye hajawahi kukanyaga ofisi hiyo. Makala haya yanaeleza msaada huo ni upi, unafanyaje kazi, na ushahidi uliopatikana hapa hapa Pwani unaonyesha nini.

Maneno matatu yanayochanganywa

Watu wanapozungumzia kazi au masomo, mara nyingi huchanganya mambo matatu. La kwanza ni kuridhika, yaani jinsi mtu anavyojisikia kuhusu kazi yake, malipo, mazingira, wenzake na heshima anayopewa. La pili ni kujituma, yaani moyo na umakini anaoutia katika kazi. La tatu ni utendakazi, yaani matokeo yanayoonekana: watoto wanaosoma, kina mama waliofika kliniki, wageni waliohudumiwa.

Mambo haya hayaendi pamoja kila mara. Mfanyakazi wa hoteli Watamu anaweza kuridhika kwa sababu kazi iko karibu na nyumbani, lakini asijitume. Muuguzi anaweza kujituma miezi mingi bila kuridhika, kisha siku moja akaandika barua ya kuacha kazi. Msaada unaofaa ndio huyaunganisha matatu hayo, kwa kuwa mtu anayesaidiwa huridhika, anayeridhika huwa na sababu ya kujituma, na anayejituma akiwa na vifaa hutoa matokeo.

Msaada si pesa peke yake

Mwaka 1986, mtaalamu wa saikolojia Robert Eisenberger na wenzake nchini Marekani walieleza jambo ambalo limefuatiliwa na watafiti wengi tangu hapo. Walisema kila mfanyakazi hujijengea imani kuhusu mahali anapofanya kazi: je, wanathamini mchango wangu, na wanajali hali yangu? Akiamini kwamba anathaminiwa, huona ana deni la kulipa kwa kazi nzuri, na hupunguza kukosa kazini.

Imani hiyo hujengwa na mambo ya kila siku. Mtu apewe vifaa na muda wa kufanya kazi yake. Aelezwe wazi anachotarajiwa kufanya. Awe na msimamizi anayemtembelea, kumsikiliza na kumwelekeza. Tena, akifanya vyema aambiwe, na akiwa na shida ya nyumbani asikilizwe kama binadamu. Malipo yana nafasi yake, na yanapochelewa huharibu mengi. Lakini malipo bila mambo hayo mengine humfanya mtu afike kazini tu.

Wapo wakubwa wa kazi wanaoogopa kuwatunza wafanyakazi wao vyema mno. Hujitetea kwa methali ambayo Kilifi tunaijua sana: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hiyo ina ukweli wake, kwa maana sifa tupu zinaweza kumlevya mtu. Lakini mgema hapandi mnazi kwa sifa. Anahitaji kotama yenye makali, kibuyu kizima, na njia salama ya kupanda na kushuka. Msaada unaozungumziwa hapa ni wa namna hiyo, na mgema aliyepewa vitu hivyo hana sababu ya kutia maji.

Ushahidi kutoka kwa jirani zetu wa Kwale

Hatuhitaji kwenda mbali kuona jinsi msaada kwa mfanyakazi unavyomfikia mtoto. Kati ya 2010 na 2012, mradi wa utafiti ulioitwa HALI uliendeshwa katika shule za msingi za umma za eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kwale. Shule 51 zilichaguliwa kwa kura, na walimu wake wa darasa la kwanza na la pili wakapewa msaada. Shule nyingine 50 ziliendelea kama kawaida ili ziwe za kulinganishia.

Msaada wenyewe haukuwa wa ajabu. Walimu walihudhuria mafunzo ya kufundisha kusoma. Walipewa mipango ya masomo iliyoandaliwa tayari. Kisha kila wiki walipokea ujumbe mfupi kwa simu zao, wenye mwongozo na maneno ya kuwatia moyo.

Baada ya miaka miwili, watafiti walikuta mabadiliko darasani. Walimu waliosaidiwa waliwafundisha watoto zaidi kwa maandishi, na walikazia zaidi herufi na sauti zake. Katika vipimo vinne vikuu vya kusoma na kuandika, watoto wao walifanya vizuri zaidi katika vitatu. Zaidi ya hayo, kiwango cha watoto walioacha shule kilikuwa asilimia 2.1, ilhali katika shule zisizopata msaada huo kilikuwa asilimia 5.3.

Tuseme kuna watoto 1,000. Kwa kiwango cha kwanza, 21 wangeacha shule. Kwa cha pili, 53. Tofauti ni watoto 32, karibu darasa zima. Watoto hao hawakupewa basari wala sare. Waliosaidiwa ni walimu wao.

Tahadhari moja inafaa. Mafunzo, mipango ya masomo na ujumbe wa simu vilitolewa kwa pamoja, kwa hivyo haiwezi kusemwa kwamba ujumbe wa simu peke yake ndio uliowabakiza watoto shuleni. Funzo ni kwamba semina ya siku chache ilifuatwa na mtu aliyeendelea kumkumbuka mwalimu wiki baada ya wiki.

Kukagua na kusaidia ni mambo mawili

Funzo kama hilo lilionekana kitaifa kupitia mpango wa Tusome, ulioanza mwaka 2015 katika shule za msingi za umma kote nchini ili kuboresha usomaji wa Kiswahili na Kiingereza katika madarasa ya mwanzo. Pamoja na vitabu vya wanafunzi na mwongozo wa mwalimu, maafisa wa mitaala walipewa tableti na kazi ya kuingia darasani, kutazama somo, kisha kuketi na mwalimu na kuzungumza naye kuhusu lililokwenda vizuri na linalohitaji kurekebishwa.

Kwa walimu wengi wa zamani, afisa kuingia darasani kulimaanisha kutafutwa makosa. Mgeni wa namna hiyo humfanya mwalimu aandae somo la kuonyesha siku moja. Anayerudi mara kwa mara kumsaidia humfanya abadilishe namna ya kufundisha. Tofauti hiyo ina uzito kwa kaunti, kwa sababu Katiba ya 2010 imeziachia kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Mwalimu wa chekechea na mkufunzi wa ushonaji au uashi wanahitaji kutembelewa kwa nia hiyo ya pili.

Nyumba 100, mtu mmoja

Katika afya, mfano ulio wazi zaidi ni wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao wengi huwaita CHP. Kwa miaka mingi watu hawa walifanya kazi kwa kujitolea. Walipita nyumba kwa nyumba wakipima watoto, wakiwahimiza wajawazito kwenda kliniki, na mara nyingi wakitumia nauli ya mifukoni mwao.

Tarehe 25 Septemba 2023, mpango wa kitaifa wa wahamasishaji takriban 100,000 ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Kila mmoja alipangiwa kushughulikia karibu nyumba 100. Walipewa mkoba wa vifaa, vikiwemo mashine ya kupima shinikizo la damu, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani na utepe wa kupima mkono wa mtoto ili kujua kama ana utapiamlo. Walipewa pia simu za kuhifadhi taarifa za wanaowatembelea. Posho ya mwezi ilipangwa kuwa Sh5,000, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti.

Hapa mambo yaliyotajwa juu yanakutana: kifaa, kazi iliyoelezwa wazi, malipo na usimamizi kutoka kituo cha afya. Mnyororo huo una nguvu sawa na pete yake dhaifu. Kipimo cha sukari kisicho na vijiti vya kupimia, au posho isiyofika kwa wakati, humvunja moyo hata mwenye ari. Naye akiacha kupita, wanaopoteza ni nyumba 100: mzee ambaye shinikizo lake la damu halitajulikana, na mjamzito aliye mbali na hospitali ambaye dalili za hatari hazitaonekana mapema.

Mwanafunzi naye ni mfanyakazi

Kwa mwanafunzi, basari hufungua mlango, lakini haimbakizi ndani. Mwaka 1975 msomi wa Marekani Vincent Tinto alieleza kwamba wanafunzi wa vyuo huacha masomo si kwa kukosa uwezo tu, bali pia wanapokosa kujiona kuwa sehemu ya chuo, kimasomo na kijamii. Mwanafunzi anayejulikana kwa jina na mwalimu wake, mwenye wenzake wa kudurusu nao na mahali pa kupeleka shida, ana sababu ya kurudi muhula unaofuata.

Hili linawagusa hasa wasichana waliopata watoto wakiwa shuleni. Sera ya kuwarudisha darasani imekuwepo Kenya tangu 1994, na mwongozo mpya ukatolewa mwaka 2020. Sera inamruhusu kurudi. Atakaa au hatakaa kutegemea kama kuna bibi wa kumshikia mtoto, mwalimu wa kumfidia masomo yaliyompita, na wanafunzi wenzake wasiomcheka.

Yaliyo katika sheria

Baadhi ya msaada si hisani ya mwajiri. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa malipo kamili, na baba wiki mbili. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kina mama kunyonyesha au kukamua maziwa, na pasiwe chooni. Haki hizi zinamhusu mfanyakazi wa hoteli Malindi, wa kampuni ya chumvi Gongoni na wa duka Mtwapa.

Mkazi anaweza kufanya nini?

Mzazi anaweza kumtembelea mwalimu wa chekechea na kumuuliza anahitaji nini, badala ya kungoja siku ya malalamiko. Mwenye nyumba anaweza kumfungulia mhamasishaji wa afya na kumpa majibu ya kweli. Fundi mwenye karakana aliyechukua mwanagenzi anaweza kumwelekeza kazi hatua kwa hatua, asimwachie kufagia tu. Mwajiri mdogo mwenye wafanyakazi wawili anaweza kulipa kwa tarehe aliyoahidi.

Tena, katika vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti, wakazi wanapodai darasa au zahanati mpya, waulize pia swali la pili: atakayefanya kazi humo atasaidiwa na nani, kwa vifaa gani, na atatembelewa mara ngapi? Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama kwa mbali, mzigo wa mwalimu au wa mhamasishaji wa afya huonekana mwepesi. Uzito wake humrudia mkazi siku mtu huyo anapoutua na kuondoka.