Mkulima Akilemewa na Mawazo, Kikundi Kifanye Nini?



Katika kurasa hizi tumezoea kuwaletea habari za mbegu, matuta, kuku wa kienyeji na hesabu za chama. Safari hii tungependa tuzungumze juu ya jambo ambalo halionekani kwa macho, lakini likiingia katika boma hata shamba huachwa likaota magugu. Ni ule uzito ambao mtu huamka nao asubuhi, akaliangalia jembe pale ukutani, na asiweze kunyoosha mkono kulichukua.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Katika kikundi kimoja cha hapa kwetu, ambacho baadhi yetu ni wanachama, kulikuwa na mama mmoja ambaye hakuwa akikosa mkutano. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza na kupanga viti. Mvua ikakosa msimu mmoja, ikakosa wa pili, na ng'ombe wake wa maziwa akafa. Akaanza kuchelewa, halafu akaacha kuja kabisa. Kanuni yetu inasema asiyefika bila kutoa sababu hulipa faini. Basi tukamwandikia faini mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Mara ya nne tukatuma watu wawili wakaichukue. Walimkuta ameketi nje ya jiko saa nane mchana, moto umezimika, na tangu jana yake hajatia kitu kinywani. Aliwaambia tu, "Niacheni, mimi sina faida tena kwa mtu." Wale wawili hawakudai chochote. Walirudi kimya. Na sisi deni lake tulikuwa tumelipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Tulidhani ni uvivu. Wengine walisema ati ana maringo, wengine wakasema amejiunga na chama kingine. Hakuna aliyesema ni mgonjwa, kwa sababu hakuwa akikohoa wala hakuwa na homa.

Mawazo ya kawaida na ugonjwa

Kila mkulima ana mawazo. Mahindi yakikauka yakiwa yameanza kutoa mbelewele, ni lazima moyo uume. Ukifiwa, utalia. Hayo si ugonjwa, na baada ya muda mtu hujikokota, akaanza tena. Lakini kuna huzuni inayoingia na kukataa kutoka. Siku hizi redioni mnaisikia ikiitwa sonona. Wauguzi wanaitambua hivi: kwa muda wa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, mtu ana huzuni nzito au hapendezwi tena na lolote, hata yale aliyoyapenda. Pamoja na hayo usingizi unamruka saa tisa za usiku, au analala mchana kutwa. Chakula hakipiti, au anakula bila kushiba. Mwili unachoka bila kazi. Anajilaumu kwa mambo yasiyo kosa lake. Anashindwa kukata shauri hata la jambo dogo, kama kuuza mbuzi au kumweka. Wengine huanza kuwaza kifo.

Hapa kwetu watu wengi hawatasema "nina huzuni." Watasema kichwa kinawaka moto, mgongo unauma, moyo unadunda, tumbo limejaa. Wanakwenda dukani kununua dawa za maumivu, wiki baada ya wiki. Wanaume nao wana mlango wao mwingine. Mzee hataki kuonekana analia, kwa hiyo anakuwa mkali kwa watoto, au anahamia kilabuni. Pombe humpa saa mbili za kusahau, halafu humrudishia huzuni yake ikiwa na riba.

Ugonjwa huu si wa Wazungu, kama wengine wanavyodai, wala si wa watu wa mjini peke yao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 280 ulimwenguni wanao, na wanawake huupata zaidi ya wanaume. Huko Zimbabwe, watu wanaozungumza Kishona wana neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Mtu akiwa na jina la ugonjwa wake katika lugha ya mama yake, ugonjwa huo haukuletwa na ndege.

Kwa nini sisi wakulima

Mwenye mshahara anajua mwisho wa mwezi utafika. Mkulima wa Ukambani anapanda bila ahadi yoyote. Wazee wetu walizipa njaa majina, na ile ya 1984 iliitwa nĩkw'a ngwete, yaani ninakufa huku nimeshika pesa mkononi, maana pesa zilikuwepo na chakula cha kununua hakikuwepo. Majuzi tena, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, maeneo mengi makavu ya Kenya yalikosa mvua za kutosha misimu mitano mfululizo. Kabla watu hawajapumua, mwisho wa 2023 na tena Aprili 2024 yakaja mafuriko, na Mto Athi ukavunja kingo zake. Anayepanda mara tano bila kuvuna halafu akasombewa ya sita, tusimwambie ajikaze tu.

Syokimau ina uzito wake wa pekee. Mahali hapa panaitwa kwa jina la nabii Syokimau, mama wa Kikamba ambaye wazee husimulia kwamba aliona nyoka mrefu akija kutoka upande wa baharini. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Mwaka 2012 kikafunguliwa kituo kipya cha gari moshi hapa hapa, na 2017 ikaja reli ya SGR. Nyanda zilizokuwa za malisho zimekatwakatwa ploti, mawe na magorofa yakapanda pale nyasi zilipokuwa. Novemba 2011 wengine waliona nyumba zao zikibomolewa kwa sababu ya mzozo wa ardhi. Kwa hiyo anayebaki akilima sukuma na kufuga ng'ombe wawili amezungukwa na ukuta wa jirani, na kila juma mtu anamuuliza atauza lini. Wengine wetu ni wakulima wa simu. Tunaishi hapa, shamba liko Yatta au Mwala, tunatuma pesa za palizi, na jibu linalorudi ni kwamba viwavi wamemaliza kila kitu. Mikopo ya simu nayo inaita saa kumi na moja asubuhi. Huyo mkulima atalala saa ngapi?

Tulivyomsoma Eliya vibaya

Kanisani tumekosea pia, na ni afadhali tuseme. Mara nyingi aliyelemewa huambiwa imani yake ni ndogo, au ana pepo, au kuna dhambi ameficha. Hebu fungueni 1 Wafalme sura ya 19. Eliya, nabii aliyetoka tu katika miaka ya ukame na ushindi mkubwa, alikimbia jangwani, akaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu auondoe uhai wake. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamrudia mara ya pili na chakula kingine. Maswali yalikuja baadaye sana. Halafu akapewa mwenzake wa kazi, Elisha, na Elisha alichukuliwa kutoka wapi? Shambani, akilima kwa ng'ombe. Sisi huanza na maswali, na chakula tunasahau kabisa.

Maombi tunayaamini na tutaendelea kuomba. Lakini mtu mwenye malaria tunamwombea na tunampeleka zahanati. Katika kaunti jirani ya Makueni, Profesa David Ndetei na wenzake wa shirika la Africa Mental Health Research and Training Foundation walifanya jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Waliwaketisha pamoja waganga wa kienyeji, wahubiri na wahudumu wa hospitali, wakawafundisha kuutambua ugonjwa huu na kupelekeana wagonjwa. Mchungaji akabaki mchungaji, ila akajua ni wakati gani wa kusema, "Twende kwa daktari, nitakusindikiza."

Kikundi ni dawa, si maneno matupu

Sasa tufike pale panapotuhusu sisi wa vikundi vya kujisaidia. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai huko Uganda, sehemu zilizokuwa zimepigwa vibaya na ukimwi, ulifanywa uchunguzi. Katika baadhi ya vijiji hivyo watu wenye huzuni ya ugonjwa waliwekwa katika vikundi vidogo, wanaume kwao na wanawake kwao. Kiongozi hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa huko huko, anayezungumza Kiganda, aliyefundishwa kwa wiki mbili. Walikutana mara moja kwa wiki, kama saa moja na nusu, kwa wiki 16. Walizungumza mambo matatu makubwa: msiba, ugomvi wa nyumbani au wa jirani, na maisha kubadilika, kwa mfano kwa ugonjwa au kwa kupoteza mali. Kila mtu alieleza wiki yake ilivyokuwa, na wenzake wakamsaidia kutafuta hatua ya kujaribu.

Matokeo yalichapishwa 2003. Mwanzoni, watu 86 katika kila 100 wa vikundi hivyo walikuwa na sonona. Mwishoni hawakufika 7. Katika vijiji visivyopata vikundi walitoka 94 wakashuka hadi karibu 55. Someni tena hizo hesabu. Hakukuwa na sindano wala kidonge katika mpango huo. Kulikuwa na mviringo wa watu, na mtu aliyefundishwa kuuongoza.

Huko Harare, Dakta Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na nyanya 14. Waliwekwa kwenye benchi nje ya zahanati, mwenye mawazo anaketi na bibi, wanazungumza. Bibi hampi mawaidha mengi. Anamsaidia kuyataja matatizo yote, kisha wachague moja tu, lile linaloweza kuguswa wiki hii. Kumi zikikuangukia kwa pamoja huinui hata moja. Tunaona hekima hapa, maana hata kwenye mwethya hatukuwahi kuchimba kilima kizima. Tulipima mtaro wa leo.

Basi kikundi kifanye nini? Kwanza, mtu akikosa mikutano miwili, atembelewe kabla ya kuandikiwa faini. Waende wawili, si kumi, na waende na kitu cha kupika. Waulize kwa upole: katika wiki mbili hizi umekuwa na huzuni nyingi? Kuna jambo bado linalokupendeza? Kisha wanyamaze wasikilize. Maneno kama "kuna walio na shida kukuzidi" yaachwe barabarani. Msaidieni kazi, lakini msimfanyie yote. Mwambieni, "Leo tupalilie mistari miwili pamoja." Mwili ukianza kutembea, moyo hufuata nyuma polepole. Na siri ya mtu ibaki ya mtu. Kikundi kinachopeleka habari za mwenzao sokoni hakifai kuanza kazi hii.

Kama hali haibadiliki, au imekuwa nzito tangu mwanzo, aende kituo cha afya. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu anaweza kumwelekeza, na Hospitali ya Level 5 ya Machakos iko karibu zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Huko watampima pia damu, kwa sababu upungufu wa damu na magonjwa mengine huchosha mtu vivyo hivyo. Akipewa vidonge, ajue havifanyi kazi siku hiyo hiyo. Huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, kabla ya kuona nafuu, na wengi huviacha siku ya kumi wakisema havisaidii. Akipata nafuu asiviache ghafula bila kuuliza. Vidonge hivyo vitunzwe na ndugu wa karibu.

Mtu akitaja kifo

Msiogope kumwuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kutua mzigo. Akikubali, asiachwe peke yake hata saa moja, na apelekwe hospitali siku hiyo. Dawa za kunyunyizia mimea ziondolewe nyumbani kwake. Kwa kweli tungependa kila kikundi kiwe na sanduku moja lenye kufuli la kuwekea dawa hizo, na ufunguo ukae kwa mtu mwingine. Nambari ya simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199.

Wengi walinyamaza kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na aliyepatikana na hatia angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu, kwa uamuzi wa Jaji Lawrence Mugambi, ilitangaza kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Waambieni watu wenu habari hiyo, haijafika vijijini.

Yule mama wetu alisindikizwa zahanati na mmoja wa wale wawili. Ilichukua miezi, na kuna wiki alirudi nyuma tukadhani tumempoteza. Faini zake tulizifuta mbele ya mkutano mzima, naye hakuwepo siku hiyo, alikuwa bado hawezi kukaa na watu wengi. Sasa anakuja, ingawa viti anapanga mwingine. Katika kitabu chetu cha mahudhurio, kando ya safu ya faini, tumechora safu nyingine: ametembelewa na nani, lini. Mweka hazina analalamika kwamba ukurasa umebana.